Mashine ya Bi Zainabu

Kabla hujaifungua mashine ya fotokopi, inuse. Najua mtacheka, na chekeni tu, mimi nimeshazoea. Nyinyi mnaojifunza ufundi siku hizi mnakuta mashine inayowaandikia yenyewe inaumwa wapi. Zetu hazikuandika kitu. Zilikuwa na harufu na sauti, basi. Ikinuka mpira ulioungua, roli ya joto imechoka. Ikinuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi, kuna waya unaovujisha umeme, na hapo chomoa plagi kwanza ndipo ukae ufikiri. Ikinuka mkojo wa paka, basi ni mkojo wa paka. Hapa Amu, Lamu kama wasemavyo wa bara, paka ni wengi kuliko viti, na wote wanajua kwamba mashine iliyofanya kazi tangu asubuhi ina mgongo wenye joto.

Mimi nimezaliwa Siyu, nikafunzwa kazi Mombasa, nikarudi huku, na kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa fotokopi peke yangu kuanzia Mokowe mpaka Faza. Sisemi hivi kujisifu. Ukiwa fundi wa pekee hakuna wa kukukosoa, na mtu asiyekosolewa huanza kuamini kila anachokisema. Mtaona huko mbele.

Mwalimu wangu wa Mombasa, Mzee Rajabu, alikuwa mchache wa maneno. Siku ya kwanza alinipa kitambaa cha pamba na chupa ya spiriti, akaniambia nifute kioo. Nikafuta. Akaniambia nifute tena. Siku ya tatu nikamuuliza bisibisi nitapewa lini. Akanijibu, "Ukianza kuuona uchafu." Nilimwona mzee mwenye roho mbaya kabisa. Jambo jingine alilonisisitizia ni kwamba nikifika ofisini nizungumze kwanza na yule anayeitumia mashine, nimuulize anafanya nini tangu anapofungua mlango. Hilo nililifuata mwaka mmoja hivi, kisha nikajiona nimekuwa mkubwa, nikawa nikifika natoa skrubu moja kwa moja.

Kuhusu tona, ule wino wa unga, nitawaambia kwa kisa. Ijumaa moja niliitwa kwenye ofisi fulani nikiwa nimeshavaa kanzu nyeupe ya msikitini. Mwenyewe akasema ni kazi ya dakika moja. Kopo la tona likanipasukia mapajani. Nikakimbilia maji ya moto, nikasugua kwa sabuni, na lile doa likashika kana kwamba limefumwa pamoja na kitambaa. Tona huyeyuka kwa joto, ndiyo kazi yake, ndivyo inavyoshika kwenye karatasi. Kwa hiyo kung'uteni kwanza, kisha maji baridi, na msisugue. Nilisali safu ya nyuma kabisa siku hiyo, na bado kila mtu aliniona.

Lakini adui mkubwa wa fotokopi hapa kwetu ni unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewani bila ya mtu kujua. Ukiishika waiona kavu, ikipita kwenye roli ya joto inajikunja na kukwama. Nilikuwa na dawa yangu: balbu ndogo ndani ya kabati la karatasi, iwe inawaka hata ofisi ikifungwa. Na mashine yenyewe nayo, wakati wa masika, huwekewa balbu kama hiyo chini ya meza yake nusu saa kabla ya kuwashwa, ili ipate joto kidogo na unyevu utoke. Ofisi zote nilizozihudumia nilizifungia balbu hizo kwa mkono wangu. Zote isipokuwa moja.

Hiyo moja ni ya Bi Zainabu, na yeye ndiye niliyekaa kuandika habari zake, nanyi nimewazungusha mpaka hapa.

Bi Zainabu alikuwa na ofisi mtaa wa Langoni, chumba cha chini cha nyumba ya kwao, kinachotazama kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Alikuwa akipiga taipu barua, akijazia watu fomu, na akitoa kopi. Mashine yake aliinunua pamoja na marehemu mumewe, ikiwa tayari imeshatumika Mombasa. Ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti, na kutoka gatini ikabebwa na mahamali wanne kwa miti mabegani, kwa kuwa mkokoteni haukuweza kukata kona. Watu walitoka milangoni kuitazama. Mume alipofariki, Bi Zainabu alikaa eda yake, na ilipokwisha tu alifungua ofisi, akaiwasha mashine. Aliiita mwendani wangu. Nilipokuwa nikiifungua alikuwa akisimama karibu, na nikivuta kitu kwa nguvu alikunja uso.

Nyumba ilikuwa mikononi mwa kaka yake mkubwa, Bwana Swaleh, mfanyabiashara, mtu wa heshima zake na sauti kubwa. Bwana Swaleh hakuipenda ofisi ile. Kulikuwa na mtu anayeuzia watalii vikoi na masanduku ya nakshi, naye alikitaka chumba. Bi Zainabu angenyang'anywa chumba angerudi ghorofani kukaa na wake za nduguze, awe mtu wa kupisha na kuulizwa kama ameshakunywa chai. Aliniambia mwenyewe siku moja, akitazama dirishani. "Fundi Famau, hapa tini mimi ni mtu. Huko yuu mimi ni mgeni." Ndiyo maana mashine ile ilipoanza kuumwa, haikuwa habari ya mashine tu.

Ilianza kidogokidogo. Kopi zikawa na kivuli cha kijivu, kama karatasi iliyoangukiwa na majivu ya jiko. Ukiipunguza giza, kivuli kinapungua na maandishi nayo yanapotea. Nilibadilisha tona. Nikabadilisha dramu, ile silinda inayoshika picha, niliyoiagiza Mombasa na kuingoja wiki tatu. Nikabadilisha waya mwembamba unaotia chaji. Kila mara kopi ya kwanza nilijiambia imepona, kwa kuwa nilitaka sana iwe imepona.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Pate. Alikuwa ametolewa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akavuka nayo Mokowe kwenye ofisi za serikali, akarudishwa. Safari ya Pate mnaijua, boti na maji kujaa na kupwa, siku nzima imekwenda. Mimi nilikuwapo, nimeinama nyuma ya mashine. Yule mama hakugomba. Aliiweka kopi mezani taratibu, akasema, "Bi Zainabu, wanambia hawalioni yina la mwanangu."

Bi Zainabu hakulia msibani kwa mumewe mbele za watu. Siku ile alilia mbele yetu sote wawili. Alimtolea yule mama kopi kumi, akachagua moja iliyo afadhali, akaandika jina tena pembeni kwa mkono. Tangu hapo hakumpa mtu kopi kabla ya kuisoma. Namaanisha kuisoma, si kuitupia jicho: kuanzia neno la kwanza mpaka mstari wa mwisho, kwa sauti ndogo, kidole kikifuata. Foleni ikiwa ndefu, foleni ingoje. Hata nyinyi fanyeni hivyo mkimaliza kutengeneza. Kopi ikitazamwa kwa mbali yote huonekana nzuri.

Bwana Swaleh alisikia habari ya mama wa Pate. Akashuka, akasimama mlangoni akiwa ameshika fimbo yake.

"Fundi, mashine hii ishakufa. Wewe waosha mayiti."

"Bado, Bwana Swaleh. Nipe muda."

"Nakupa hadi Iyumaa. Isipotoa kopi ya maana, tukitoka kusali naya na mahamali waitoe."

Bi Zainabu alikuwa akipanga klipu za karatasi kwenye kikopo, anazitoa, anazipanga tena.

Ijumaa asubuhi nilikuwa pale mapema, nimetandaza vifaa vyangu kwenye mkeka na sijui la kufanya. Nasema kweli, sikujua. Nilikuwa nafungua skrubu na kuzifunga ili nionekane nafanya kazi. Akaingia mwalimu mmoja wa shule, kijana wa bara aliyehamishiwa kwetu mwaka ule, Mwalimu Mutua, na mitihani ya kutoa kopi. Akavuta pua.

"Pole fundi, lakini hii mashine inanukia vizuri sana. Ni kama niko harusini. Kwani mnaiwekea pafyumu?"

Nikamwambia hiyo ni harufu ya mji, atazoea.

"Harufu ya mji nimeshazoea," akasema. "Hii inatoka hapa nyuma, kwa feni."

Nikainama nikanusa. Sikusikia kitu. Nikanusa tena, pua imegusa kabisa tundu za feni. Hamna. Mimi, ninayewaambia watu wanuse! Na ningesikiaje? Nepi zangu zilifukizwa udi. Kanzu niliyoivaa asubuhi ile ilikuwa imefukizwa udi. Pua yangu ililelewa ndani ya moshi ule, haiutambui tena. Fundi wa kutoka Nairobi angelijua lile jambo siku ya kwanza kabla hajaweka mkoba chini. Sisi wa huku tungeweza kuzunguka nalo mpaka kiama.

Nikamgeukia Bi Zainabu. "Humu ndani hufukizwa udi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe ulonambia?"

"Mimi?"

"Wakati wa mvua. Ulikuwa mbioni, boti ya Faza yakungoja. Ulinambia, Bi Zainabu, kila asubuhi kabla hujaiwasha ipashe moto kidogo kutoka tini."

Akainama, akavuta kutoka chini ya meza ya mashine chetezo chake cha udongo, kina majivu ya asubuhi ile, na juu yake kitundu cha miti, kile tunachotandazia nguo zifukizwe. "Kitundu nimekiweka majivu yasiruke," akasema. "Na makaa matupu yananuka, nikatia udi kidogo. Kwani nimekosea?"

Jamani, nilikaa chini. Nilikuwa nimekusudia balbu. Kichwani mwangu ilikuwa balbu, na nilikuwa nimezifunga balbu nyingi mno hata sikukumbuka kwamba kwake sikuifunga. Na mwanamke wa Amu ukimwambia apashe kitu moto kutoka chini, atakipasha kwa nini kama si chetezo? Ndivyo anavyokausha nguo za mtoto wakati wa mvua, ndivyo anavyoandaa kanzu ya harusi. Alikuwa amefuata maneno yangu kila asubuhi, miezi minane, kwa uangalifu kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Na feni ya mashine ile inavuta hewa kutoka chini.

Nikakiondoa kile kioo cha juu, nikaingia kwenye vioo vya ndani, vile vinavyorusha mwanga wa taa kuupeleka kwenye dramu. Sikuwa nimevifungua kwa zaidi ya mwaka, maana huku ndani vumbi huwa halifiki. Vilikuwa rangi ya chai ya rangi. Nikapitisha kidole, kikateleza. Moshi wa udi una mafuta, na mafuta yale yalikuwa yamelala juu ya vioo tabaka kwa tabaka. Mwanga ulikuwa hauendi popote. Nikatoa spiriti na kitambaa cha pamba. Vioo vile vinafutwa hivi: spiriti kidogo kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo chenyewe, unafuta kuelekea upande mmoja tu, kisha unageuza kitambaa mahali pasafi. Ukirudi ulikotoka unakwaruza, na mkwaruzo hauna dawa. Nilifuta mpaka nikauona uso wangu, na haukuwa uso wa mtu mwenye raha.

Kopi ya kwanza ilikuwa mtihani wa hesabu wa Mwalimu Mutua. Ilitoka nyeupe. Bi Zainabu akaisoma yote, na maswali yote, kidole kikifuata, na alipofika mwisho akaibusu mashine pale kwenye kifuniko. Mwalimu akatazama kando kwa adabu. Nikaenda kusali.

Tulipotoka msikitini Bwana Swaleh akaja kama alivyoahidi, na mahamali wanne nyuma yake, mmoja ana kamba begani. Nikamwonyesha kopi. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, maana hakuwa amechukua miwani yake.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

Hapa nataka mnisikilize, vijana. Bi Zainabu alikuwa amesimama na mikono imeshikana. Ningesema dada yako alikuwa akiichomea udi, ingekuwa kweli, na Bwana Swaleh angepata alichokuwa akikitafuta: huyu si mtu wa mashine, na apande juu. Ningeweza vilevile kubuni neno kubwa la kifundi, nikaondoka na jina langu safi. Nilikuwa nimeshalifungua domo kulibuni. Nilimwona yule bibi anavyonitazama, nikashindwa.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilimwambia aipashe moto, sikumwambia kwa nini wala kwa kitu gani. Akaipasha kwa chetezo. Halafu nikahangaika miezi bila kumuuliza hata mara moja anafanya nini asubuhi. Angekuwa na fundi mzuri haya yasingetokea."

Bwana Swaleh alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mahamali nao wakacheka. Kufikia alasiri mji mzima ulikuwa na habari, na jina la Fundi Chetezo nimelibeba hadi leo. Wajukuu zangu wananiita hivyo wakidhani ndilo jina langu. Basi mkimwachia mtu maagizo, mwambieni kwa kitu gani, kwa muda gani, na ikibidi fungeni balbu wenyewe kabla ya kuikimbilia boti.

Lakini Bwana Swaleh alipomaliza kucheka hakuwa amebadili nia. "Leo imepona," akasema. "Kesho itaumwa tena. Mtihani wa skuli una maandishi makubwa, hata kipofu ausoma. Nitolee hii, ina maandishi madogo, tuone."

Akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua na kuilaza mwenyewe juu ya kioo. Nadhani alikusudia barua ya shehena yake, kwa kuwa baadaye niliona mfukoni mlikuwa na karatasi nyingine. Bila miwani zote kwake zilikuwa moja. Bi Zainabu akafunga kifuniko, akabonyeza. Mashine ikavuma, ikatoa kopi safi, kila herufi imesimama mahali pake.

Naye akaisoma, kama alivyokuwa akisoma za watu wote. Alianza kwa sauti ndogo. Katikati sauti ikawa kubwa kidogo, haikutetemeka. Ilikuwa hati ya makubaliano. Chumba cha chini cha nyumba ya Langoni kitakabidhiwa kwa muuza vikoi kesho yake, Jumamosi, kikiwa kitupu, na vyombo vilivyomo vitaondolewa na mwenye nyumba. Imetiwa sahihi pande zote mbili. Kidole chake kikafika chini, kwenye sahihi ya kaka yake, kikakaa hapo.

Kwa hiyo ile Ijumaa niliyopewa haikuwa Ijumaa ya kweli. Mashine ingepona au isipone, chumba kilikuwa kimeshakwenda. Hamali mwenye kamba akageuka kutazama kichochoroni kana kwamba ameitwa, na mteja aliyekuwa amefika mlangoni alikuwa amesikia kila neno. Bwana Swaleh akapapasa mfuko wa kanzu, akachungulia karatasi nyingine iliyobaki humo.

Bi Zainabu hakupandisha sauti. Alizipigapiga ncha za ile kopi mezani zikae sawa, akamwuliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwauliza wateja.

"Yasomeka yote, kaka. Nikutolee ngapi?"

Bwana Swaleh akainua kifuniko, akaitoa hati yake juu ya kioo, akaipasua mara mbili, na vipande akavitia mfukoni. Akawaambia mahamali waende zao, na wapite kwa muuza vikoi kumwambia chumba kina mtu. Akanyoosha mkono kwa dada yake apewe na ile kopi.

Bi Zainabu alikuwa ameshavuta mtoto wa meza.

"Hii ya faili," akasema, akaitia ndani, akafunga kwa ufunguo, akamuita mteja aliyekuwa akingoja mlangoni.